Usingizi wa Kangomba

Mimi ni mpima mizani, chama cha msingi, Tandahimba.
Msimu mzima naita kilo kwa sauti,
karani anaandika, mkulima anakodolea zile namba nyekundu
kama anayesubiri mdomo wa hakimu.
Wanunuzi wa kangomba nawajua hata wakinipa mgongo,
nawajua kwa namna wanavyoshika bakuli.
Sikujua kuwa usiku, kitandani kwangu,
na mimi nauza kwa bakuli,
pumzi kwa kipimo kisicho na muhuri.

Somoe ndiye aliyeanza kuhesabu.
Hakuniambia. Alihesabu kwa vidole chini ya khanga,
kumi na tisa, ishirini, ishirini na sita,
kisha kiwiko,
nami nalipuka kwa mkoromo
kama pikipiki iliyogoma kuwaka, halafu ikawaka.
Asubuhi macho yake mekundu, yangu mazito.
Tulinywa chai bila kuulizana.

Nje watu walinisifu: Nanjota, umenawiri!
Korosho zimekukubali!
Shati la harusi lilikataa vifungo, nikalicheka.
Shingo ilizama taratibu kati ya kidevu na mabega
na hakuna aliyetangaza msiba wake.

Hadi siku ya mnada nikasinzia wima.
Gunia la Binti Nchamba, kilo themanini na moja,
nikaita kumi na nane.
Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.
"Mwanangu," akasema, "hata wa kangomba huwa macho."

Wakanipa rufaa. Nikalala usiku mmoja Dar
na nyaya kichwani kama redio inayofanyiwa ufundi.
Mara arobaini na nne kwa saa, wakasema, unaacha kupumua.
Wakanivisha barakoa yenye bomba, hewa ikasukuma koo likafunguka,
na hapo ndipo likaonekana la pili:
mlango uko wazi,
mwenye nyumba amesahau kuingia.
Koo halikabi tena, ila ubongo hauagizi.
"Ni mchanganyiko," daktari akasema,
nami nikaelewa upesi kuliko alivyotarajia,
maana nimeona daraja la kwanza na la pili
vikishonewa gunia moja.

Nikamuuliza: nikipungua, yataisha?
Akachezea kalamu.
"La koo litapungua nawe. Hili jingine sikuahidi."
Nilimpenda kwa hilo. Mizani yake haikuwa na kidole cha mtu.

Basi nikapungua. Ugali wa muhogo nusu sahani,
soda kwaheri, ming'oko ya jioni kwa kuhesabu,
na kutembea hadi ghalani wakati bodaboda wananipigia honi
wakidhani nimefilisika.
Kilo kumi na tatu.
Sisi ghalani tunaita unyaufu,
ule upungufu ambao mkulima haukubali hata ukimwapia.
Na kweli, waliosema nimenawiri sasa wananong'ona:
ana nini? Wengine wamekwisha nizika kwa ugonjwa mwingine.
Shati la harusi limefungika, kifungo kimoja kimebaki mkaidi.

Mashine nyingine imekuja, ile inayosubiri.
Nikisahau, inanikumbusha. Nikikumbuka, inanyamaza.
Mwanangu Twalibu aliiogopa wiki nzima,
akasema baba ameota mkonga.
Siku hizi anaiaga: lala salama, tembo.

Lakini tembo huyu anakula umeme.
Juzi ulikatika saa nane za usiku,
barakoa ikafa usoni mwangu kama kiganja cha mtu aliyeondoka.
Nikaivua. Giza, mbwa wa jirani, harufu ya mabibo yaliyochacha uani.
Nikageuka kumwamsha Somoe ashike zamu.
Alikuwa amelala. Amelala hasa, mdomo wazi kidogo,
vidole vimekunjuka, havihesabu kitu.

Nikakaa kitako, mgongo ukutani,
nikaanza kuhesabu za kwake.
Nilifika mia mbili na kitu, hesabu ikanipotea,
nikaanza tena na moja.